Malafyale Hajawahi Kuniacha Njiani

Jumapili, 6 Julai 2025

Mimi nina bahati. Nianze na hilo kabla wino haujapungua. Mwaka wa nne huu nina gari, na halijawahi kuniacha njiani. Hata siku moja! Hapa Ipinda wapo wenye magari ya juzi juzi, yanalala Ngonga, yanalala Kasumulu nyuma ya malori, yanarudi yakivutwa kwa kamba kama ng'ombe aliyegoma. La kwangu linakwenda, linarudi. Fundi hajui hata rangi ya viti vyake. Kila kitu nafanya mwenyewe, kwa mkono huu huu unaoandika. Wenzangu walipewa sauti za kwaya, mimi nikapewa spana.

Jina lake Malafyale. Chifu. Nilimpa jina hilo kwa sababu haharakishwi na mtu.

Daftari hili ni shauri la Mwalimu Generosa. Anafundisha sekondari hapa, mtu wa Bukoba, serikali ilimleta huku pamoja na kagari kake keupe, na mshauri wake wa mambo ya magari ni mimi. Alisema kila gari liwe na daftari: lini umebadili oili, lini plagi, lini matairi. Nikanunua. Nilipokaa na kalamu nikaona — oili inabadilishwa mara tatu kwa mwaka, mimi nabadilika kila siku. Basi daftari ni langu. Malafyale atapewa nafasi ikibaki.

Shule yangu iliishia kidato cha pili. Lakini Lilongwe nimefika, Ndola nimefika, Lusaka nimelala wiki nzima. Miaka sita utingo kwenye lori la Mzee Wilson. Chuo gani kina dirisha kubwa kama lile?

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba, shule zimefungwa. Mwalimu Generosa kaja kwa miguu, uso umekunjamana. Gari haliwaki. Linasema tik, tik, basi. Kuna fundi kamwambia anunue betri mpya.

Nikamwambia mwalimu, usinunue kitu, chemsha maji. Akadhani nataka chai!

Tumefungua boneti. Vichwa vya betri vimeota unga mweupe kama vimepakwa sembe. Nikavifungua, kile cha hasi kwanza. (Hili niliandike vizuri: hasi kwanza kufungua, hasi mwisho kufunga. Ukikosea utaona cheche mpaka ukumbuke mababu.) Maji ya moto kidogo kidogo, mswaki wa zamani, futa, kausha, paka grisi, kaza. Akawasha mara moja — vuuu! Majirani wamepiga makofi. Mwalimu alisema ndaga fijo, yaani asante sana, Kinyakyusa chake kina Kihaya ndani, nikafurahi mpaka nikamwangalizia na oili bila kuombwa. Injini iwe baridi, gari liwe mahali tambarare, chomoa kijiti, futa, rudisha, chomoa tena ndipo usome. Wengi wanasoma mara ya kwanza na kujidanganya.

Akaniuliza mbona Malafyale kila siku anaegeshwa pale kwenye mwinuko wa kanisa na siyo nyumbani. Nikasema anapenda upepo.

Akacheka. Walimu wanacheka vibaya.

Jumanne, 8 Julai

Pedali ya klachi imelegea. Mafuta kwenye kikopo chake yameshuka. Si tatizo, kunatoka jasho tu kule chini. Chupa ya mafuta ya breki imebaki tone — yale yale ya breki ndiyo ya klachi. Nitanunua Kyela mjini.

Jumatano, 9 Julai

Leo kaja Shemeji Kisa, dada mkubwa wa mke wangu Asifiwe. Katoka kwao Ikombe asubuhi na mtumbwi hadi Matema, kisha bodaboda hadi hapa. Ana vumbi mpaka kope. Hakukaa hata kitini akaanza kusema.

Kuna mgahawa mpya Mbeya. Mama mwenye mgahawa alifika Matema mwezi wa tano, akaona vyungu vyao, akataka arobaini na nane. Vya kupikia na vya kuweka mezani. Kanunua moja kwa moja kwa akina mama, bila yule mchuuzi wa mnadani anayevipanga na kuvidharau wakati anavichagua. Kisa na wenzake watano wamefinyanga, wamechoma, havikupasuka zaidi ya vinne. Mgahawa unafunguliwa Jumamosi hii saa nane mchana. Vikifika, kila mwezi watachukua vingine. Visipofika, mama yule kasema wazi hana shida, ataweka vyombo vya kiwandani.

Kisa anasema wanawake sita wameshika udongo wiki saba kwa ajili ya saa nane ile.

Sikumwacha amalize. Nikasema, nitavipeleka mimi! Mbeya ni nini? Malafyale anaijua Mbeya.

Asifiwe alinitazama. Akauliza, kwa sauti ile ya taratibu, si afadhali tukodi ile Canter ya mpunga? Nikamwambia, mama Neema, vyungu vya dada yako visafiri na mgeni wakati shemeji yao nipo? Akaenda kuchambua mboga. Kisa akasema, "Shemeji, gari lako lile ninalosikia wanalisukuma?" Nikasema wale wanafanya mazoezi. Watu wa Matema wanapenda maneno.

Kisa ana tabia moja. Kachukua mtungi wetu wa maji, kaugonga kwa kidole, kasikiliza, kaurudisha. Kumbe ndivyo anavyofanya kwa kila chombo. Anasema chenye ufa hakiwezi kuficha sauti. Nikamwambia basi sisi ni kazi moja, mimi nasikiliza injini.

Alhamisi, 10 Julai

Siku ndefu. Nimetoka saa tatu na pikipiki ya kukodi niende Kyela mjini kununua mafuta ya klachi. Sijafika nusu njia — gari la mgeni pembeni, tairi limepasuka, mama na mgonjwa ndani, na mwenye gari ameinua jeki mpaka juu ndipo anahangaika na nati! Tairi linazunguka naye. Nikamwambia kaka, teremsha. Nati zinalegezwa gurudumu likiwa chini, ndipo unainua. Zimeshika kutu. Nikasimama juu ya spana kwa uzito wangu wote, na Mungu hakuninyima uzito. Ya nne ikakataa kabisa. Tukatafuta bomba la kurefushia spana mpaka kijiji cha pili. Na tairi la akiba halina upepo! Nimekaa naye mpaka jioni. Sikuweza kumwacha na mgonjwa. Kanishukuru sana, kasema sijawahi kuona mtu kama wewe. Nikasema hata mimi.

Nilipofika mjini maduka ya spea yamefungwa. Nimerudi mikono mitupu.

Na safari ni kesho alfajiri.

Sasa niandike ugunduzi wangu. Nimekaa jikoni natazama chupa ya mawese ya Asifiwe. Mekundu, safi, ya michikichi yangu mwenyewe. Nikawaza: klachi inataka nini? Inataka mafuta yanayosukumwa ndani ya bomba. Haya ni nini? Si mafuta? Nikayachuja mara mbili kwenye kipande cha kitenge. Nikamimina kikopo kikajaa. Nikamwita Asifiwe aje kunisaidia kutoa upepo: kanyaga, shikilia, achia, kanyaga, shikilia, achia. Mimi chini ya gari na spana namba kumi, nafungua na kufunga. Mpaka yakatoka mekundu matupu. Pedali ikajaa — ngumu, nzuri, kama ya gari jipya! Nikazunguka kanisa mara tatu. Gia zinaingia kama kijiko kwenye uji.

Mwalimu Generosa kapita kurudisha mswaki, akakuta boneti iko wazi. Kainama, kasoma maandishi ya kifuniko kwa sauti kama anasoma risala. Akasema, "Baba Neema, hapa wameandika utumie mafuta ya aina hii tu, mengine yoyote hapana."

Nikamwambia mwalimu, kifuniko hiki kimeandikwa Ujapani. Ujapani kuna mchikichi?

Akasema hajui.

Basi hawakuyajaribu!

Akasema, "Sawa. Lakini uandike kwenye daftari ulichoweka na tarehe." Nimeandika. Mwalimu wangu huyo, lazima nimheshimu.

Asifiwe: "Baba Neema, mawese yangu yamekwenda wapi?" Nimesema nimepaka mwilini, ngozi ilikauka. Kanusa mkono wangu. Kweli unanukia. Kwa hiyo si uongo wote.

Ijumaa, 11 Julai

Naandika nikiwa Isyonje, kwa Mzee Wilson, baridi imenishika masikio. Lakini siku gani hii! Niiandike yote.

Matema saa kumi na mbili asubuhi. Akina mama wamelala hapo tangu jana na vyungu vyao. Wamevipanga wenyewe, mimi sikuruhusiwa kugusa. Majani makavu ya mpunga chini, majani katikati, kila chungu kinaingia kwenye kifua cha mwenzake. Kisa anagonga, anasikiliza, anapitisha. Kimoja kakigonga mara tatu, akakiweka kando mchangani. Mwenye nacho hakubisha.

Asubuhi pedali ilikuwa nzito kidogo. Nikasema Malafyale bado ana usingizi. Nilipomgeuza boneti ilitazama jua, nusu saa tukinywa chai, akalainika kabisa. Gari la kizee, linapenda jua. Tumeondoka na vigelegele. Mama mmoja aliniombea mpaka matairi.

Ipinda tumepita honi juu. Asifiwe alikuwa barabarani na Neema, wakapunga. Nilimwona Mwalimu Generosa kwenye geti la shule, nikamwonyesha dole gumba.

Halafu mlima. Kyela tunaiacha chini, joto linapungua, migomba inaanza kufanana na ya mtu mwingine. Nikamfundisha Kisa: kupanda mlima usimlazimishe, shusha gia mapema, sikiliza injini, tazama mshale wa joto. Ukipanda na usilitazame joto, utafungua rejeta kwa hasira na mvuke utakutoa ngozi. Rejeta yenye moto haifunguliwi! Hata kama unawahi mazishi. Akaniuliza nimeyajulia wapi yote haya. Nikasema njiani. Akasema, "Shemeji, kumbe una akili, ni mdomo tu unaoifunika." Hiyo ni sifa. Nimeihesabu kuwa sifa.

Tukuyu kwenye chai watu wamezunguka gari kutazama vyungu. Nikajibu maswali yote kana kwamba nimefinyanga mimi.

Saa kumi tumefika Isyonje. Tungeweza kwenda moja kwa moja, Mbeya haiko mbali. Kisa alitaka twende, alale kwa ndugu huko, asubuhi avipeleke akiwa ameoga. Mimi nikasema tulale hapa. Kwa nini? Niandike kweli: nilitaka Mzee Wilson anione. Lori aliliuza siku nyingi, sasa ananunua viazi hapa. Miaka ile alikuwa ananiita "kichwa cha nati." Nilitaka anione nimekuja na gari langu, nimebeba mzigo wa watu wanaoniamini.

Kaniona! Kalizunguka gari, kapiga teke tairi, kasema, "Utingo wangu! Na linakwenda?" Nikasema mzee, miaka minne halijaniacha njiani. Kacheka, kanishika bega, kaniita dereva. Dereva! Mbele ya Kisa. Nikakohoa ili macho yasionekane.

Gari tumelilaza nje. Kisa kavifunika vyungu kwa khanga yake mwenyewe, analala na koti la mke wa mzee.

Jumamosi, 12 Julai

Saa mbili na dakika arobaini asubuhi. Naandika nikiwa ndani ya gari, mlango umefungwa. Vidole havinyooki.

Niandike haraka lakini kwa mpangilio.

Saa moja nimetoka nje. Majani meupe! Barafu juu ya viazi, barafu juu ya boneti. Ukungu, jua halipo hata dalili. Nikaingia, nikakanyaga klachi. Jiwe. Si nzito — jiwe. Nikashika usukani nikasimama kwa miguu miwili. Ikashuka taratibu mpaka chini, ikabaki huko. Haikurudi. Nikaivuta kwa mkono ikaja, nyepesi, haishiki kitu. Nikawasha: injini inanguruma, nikaweka gia, nikakanyaga moto — magurudumu yamelala. Kelele tupu.

Kisa alikuwa amesimama na mkoba wake begani, ameshaoga kwa maji yale ya barafu, amevaa gauni la kanisani.

Nikamwambia ni baridi tu. Gari la Kyela, halijazoea huku. Akasema, "Hata mimi ni wa Ikombe, mbona nimeamka?"

Mzee Wilson kaja na birika la maji ya moto. Kaniuliza polepole, kama zamani tukiwa wawili tu na lori: Asajile, kwenye kikopo umeweka nini? Nikasema mafuta. Akasema najua mafuta, mafuta gani? Nikasema ya kawaida.

Akaingia chini mwenyewe, mzee wa miaka sitini na kitu, kwenye umande. Akalegeza ile nati ya kutolea upepo, mimi namimina maji ya moto juu ya bomba. Mafuta hayakutoka majimaji. Yalitoka mgando. Mzito, wa njano iliyokwenda wekundu, kama kamasi, ukadondoka juu ya barafu na kubaki hapo bila kusambaa.

Mzee Wilson akatoka chini. Akajifuta. Hakucheka. Nilitamani acheke.

Akasema hivi, na Kisa anasikia. Kama ni mafuta halali ya breki yameingia uchafu na kushikwa na baridi, tungoje jua, saa nne au saa tano gari litakwenda, na Mbeya mtafika mapema. Lakini kama nimetia kitu kingine humo, mipira ya klachi imeshavimba, hata jua lote la Kyela lije hapa halitairudisha. Basi vyungu vihamie gari lingine sasa hivi. Na gari moja lipo, pikapu ya viazi pale mbele, inaondoka saa tatu kamili. Dereva wake atashusha magunia kumi kama Mzee akimwomba. Lakini hamwombi mtu ashushe mzigo wake bure, na kuhamisha vyungu barabarani kwenye barafu ni kuvivunja. Atamwomba akijua ni lazima. Mwenye gari ndiye anayejua.

Wote wawili wakanitazama.

Kisa akainama. Akachota ule mgando kwa kidole, akausugua, akaupeleka puani. Mwanamke aliyepikia mawese tangu hajaota meno ya pili. Akaniangalia vile anavyosikiliza chungu.

"Shemeji. Haya ni mawese, au si mawese?"

Na mimi, mdomo huu! Nikasema, ngoja niangalie kwenye daftari la gari.

Ndiyo maana niko humu. Wanadhani nasoma.

Nimeifungua Alhamisi. Ipo, kwa mwandiko wangu, mara mbili kwenye kitenge. Nimeandika "ugunduzi." Nikarudi nyuma nitafute mahali penye kunitetea. Nimerudi mpaka ukurasa wa kwanza.

Naona vile vyungu kwenye kioo cha nyuma. Vimetulia, kila kimoja ndani ya kifua cha mwenzake. Hakuna hata kilichopata ufa kwenye mlima wote ule. Niliendesha vizuri. Hilo ni kweli, nalitaka libaki.

Dakika kumi na mbili zimebaki. Dereva wa pikapu anafunga turubai. Mzee Wilson amesimama katikati ya magari mawili, hajui aelekee wapi. Kisa amekuja mlangoni. Anagonga kioo kwa kidole kimoja. Anasikiliza.

Ukurasa wa kwanza ni uongo. Ngonga ameniacha. Itungi ameniacha mara mbili. Kasumulu getini, mbele ya wapagazi wote, tukavutwa kwa kamba. Ipinda sokoni. Matema, na waliosukuma ni hawa hawa akina mama wa vyungu. Tatu nyingine Asifiwe anazijua na hajawahi kumwambia mtu. Mara tisa. Hii ya kumi, na ni mawese; nafungua mlango nimwambie Kisa. Bahati sina wala sijawahi kuwa nayo, nilikuwa na watu wa kusukuma.